Alisema "Bado", Nami Nikarudi Nyuma

Baba yangu aliitwa Karisa wa Mwaringa na mama yangu aliitwa Dama. Nilizaliwa Ganze, katika nchi kavu, mahali ambapo mama alikuwa akitoka na mtungi alfajiri na kurudi jua likiwa utosini. Hao wawili nawataja kwa kuwa hawana kosa. Mkosaji ni mimi, na jina langu nalizuia.

Anayeandika maneno haya ni mjukuu wangu, Kadzo. Hapa tu mwanzoni ameinua kalamu.

"Babu, ukiwataja wazazi wako, watu si watakujua?"

"Wanaonijua ndio niliowadanganya. Nao wasome. Andika."

Mimi sikusoma. Darasa nililiona kwa nje, nikipita na mbuzi. Kwa hiyo kila neno utakalolisoma, mwenzangu, limetoka kinywani mwangu likapita mkononi mwa mtoto huyu, na mkono wenyewe ni wa kushoto. Alipokuwa mdogo niliupiga mkono huo. Nilimwambia kwamba wa kushoto si wa kula, si wa kusalimia, wala si wa kumpa mtu kitu. Siku hizi siupigi. Sababu yake utaifikia.

Nilikosa! Nilimponda mke wangu mkono kwa gari, kisha nikawaambia watu wote kwamba kosa lilikuwa lake.

Nimelisema. Sasa nisikilize.

Nilikuwa dereva wa lori la chumvi. Upande wa Ngomeni maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, jua likayanywa, chumvi ikabaki imelundikwa nyeupe hata macho yanauma kuitazama. Niliibeba chumvi hiyo kwenda bara tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi hadi zikapata rangi ya mzigo wangu.

Lori halina macho nyuma. Macho yake ni taniboi, yule msaidizi anayesimama nyuma na kumwongoza dereva anaporudi. Taniboi hana hotuba. Hupiga bodi kwa kiganja na kuita, "Lete! Lete! Bado! Bado!" Na maana ya "bado" hapo ni kwamba nafasi ingalipo, endelea kuja. Akitaka usimame huita, "Hapo!" Niliishi na lugha hiyo hata ikawa neno "bado" likinifikia, mguu wangu huachia breki wenyewe.

Likumbuke neno hilo.

Mke wangu, Mama Katana, hakuwahi kupanda lori langu. Kazi haikuruhusu, na mimi sikuomba iruhusu. Kila niliporudi alinitilia maji ya kuoga, akanipakulia chakula, kisha akaketi na makuti yake, akiyashona huku akiniuliza nimeona nini. Nami nilimsimulia milima ya bara, baridi yake, na yale malundo meupe ya chumvi. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe bila kuvitazama. Paa alilolishona yeye halikuvuja.

Basi mwana wetu Katana, ambaye ni mpishi katika hoteli moja huko Kikambala, alishirikiana na wenziwe kununua gari-nyumba kutoka kwa wageni waliokuwa wanarudi kwao. Kama hujaliona gari la namna hiyo, ni kubwa kama basi, na ndani mna vitanda, jiko la gesi, makabati, tangi la maji, hata choo. Walitaka kuwatembeza watalii pwani yetu, kuanzia Kikambala hadi Ngomeni. Gari walikuwa nalo. Dereva hawakuwa naye.

"Baba, dereva ni wewe," Katana aliniambia. "Lakini kwanza utafundishwa."

"Nifundishwe? Mimi?"

"Hili si lori, baba."

"Lina usukani?"

"Linao."

"Basi."

Mama Katana alilizunguka gari lile, akaingia, akafungua kila kabati na kulifunga, akajilaza kitandani na viatu vyake mkononi. Aliposhuka macho yalikuwa yanamng'aa kama msichana.

"Huu ni mudzi," alisema, yaani boma zima, kwa lugha yetu ya Kigiriama. Kisha akanigeukia. "Baba Katana, miaka yote umeniletea habari za njia. Sasa nataka njia yenyewe."

Nilimwahidi. Kabla mgeni yeyote hajalipanda, tungelipanda sisi wawili. Angekwenda Kikambala akaone mahali mwanawe anapopikia, kisha Ngomeni akaione chumvi kwa macho yake.

Mwalimu aliyeletwa alikuwa mwanamke. Ndiyo! Bi Rehema, mtu wa Malindi mjini, anayeendesha mabasi makubwa ya wageni. Mtandio kichwani, miwani ya jua, sauti ya taratibu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeletwa kunifundisha gari?"

"Kuendesha unajua, mzee. Mimi nimeletwa kukujulisha na hili."

Yalikuwa maneno mazuri. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kununa, na mtu aliyenuna hasikii uzuri.

Alitupeleka kwenye uwanja wa wazi upande wa Kilifi, akapanga madumu matupu ya mafuta yawe kona na milango. Gari-nyumba lina mkia mrefu uliozidi mbali nyuma ya magurudumu. Ukikata kushoto huku mbele, mkia unafagia kulia kule nyuma, nawe huna habari. Nilikata kona ya kwanza. Pwaa!

"Umegonga mtu, mzee."

"Nimegonga dumu."

"Hapa uwanjani kila dumu ni mtu."

"Basi mtu huyo alisimama vibaya."

Bi Rehema hakucheka. Ole wangu! Maneno hayo hayo nilikuja kuyasema tena, na safari hiyo halikuwa dumu.

Mama Katana alikuwa ameketi ndani na sufuria ya mihogo aliyotupikia. Nilipokanyaga breki kwa namna ya lori, sufuria iliruka, mihogo ikatapakaa hadi chini ya kiti changu.

"Baba Katana!" aliita kutoka sakafuni. "Umebeba chumvi au umebeba mke?"

Bi Rehema aliangua kicheko hata akavua miwani. Nami niligeuza uso dirishani nisionekane nikicheka.

Nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa naliogopa gari lile. Lori langu nililisikia lote, kila msumari ulikuwa na sauti yake. Gari-nyumba lilikuwa kimya. Injini ilinong'ona, kuta zilifunika kila kitu, na ule mkia ulikuwa mbali huko kama jamaa asiyepeleka salamu. Hofu yangu sikuitaja kwa jina lake. Niliigeuza kelele, watu wakaiita kujiamini.

Siku tuliyovuka daraja la Kilifi, upepo ulilisukuma ubavuni. Gari likayumba, nami nikaukaza usukani.

"Usiukamate usukani kama unamkaba mwizi," Bi Rehema alisema. "Tazama mbali kule unakokwenda. Mikono itafuata."

Nilitazama mbali. Gari likanyooka! Ng'ambo ya pili nilijisikia kijana, na furaha hiyo ndiyo iliyoniharibu, maana nilidhani nimekwisha kufuzu.

Bado alikuwa na la kunifundisha. Chini ya kioo kikubwa cha pembeni kuna kioo kidogo cha duara. "Hicho," alisema, "ni cha kukuonyesha gurudumu la nyuma na ardhi iliyo kando yake. Usikiguse." Mwanga wa kioo hicho ulinipiga machoni, nikakipindua kitazame juu. Akakirudisha. Alipokwenda zake nikakipindua tena.

Siku ya mwisho alimwita na Mama Katana. "Mama, njoo nawe usikie, kwa kuwa ni wewe utakayemwongoza. Ukiwa nje, tafuta uso wa dereva kwenye kioo. Usipouona uso wake, jua kwamba naye hakuoni. Ukitaka asimame, inua mkono juu. Na wewe, mzee wangu, ukimpoteza kwenye kioo, simama. Hata kama unamsikia. Gari hili haliendeshwi kwa masikio."

Mama Katana aliinua mkono wa kulia. "Hivi?"

"Hivyo hivyo, mama."

"Baba Katana, umeona?"

Sikutazama. "Mimi nilikuwa narudisha lori kwa masikio kabla huyu mwalimu wako hajazaliwa. Mke wangu hana haja ya kupunga mikono kama mtoto anayefukuza ndege shambani."

Mama Katana akaushusha mkono. Hilo nalikumbuka kuliko yote. Aliushusha polepole, akaufuta kwenye leso yake, kana kwamba ulikuwa umeshika uchafu.

Kadzo ananiambia, "Babu, kaa, sauti inapotea ukizunguka." Nimekaa. Ngoja. Nimesimama tena. Tangu siku ile siwezi kukaa, mwenzangu. Nikiketi miguu inaniuma, nikilala mgongo unanikataa. Naenda hadi barabarani, narudi, nalizunguka gari lililosimama kana kwamba linataka kuondoka. Niandikie nikitembea, Kadzo. Nitapaza sauti.

Asubuhi ya safari majirani walijaa. Wanawake wa kikundi cha makuti walikuja kumuaga mwenzao, vijana walikuja na simu zao kupiga picha, na wanaume walikuja kuangalia kama nitaweza. Mama Katana alivaa leso mpya. Alifunga kila kabati kama alivyofundishwa, akazima gesi, akawamwagia kuku mtama.

Boma letu limeinama kuelekea barabarani. Bi Rehema alikuwa ameniambia niingie kinyumenyume ili nitoke kwa mbele. Mimi nililiingiza kwa pua, kwa hiyo ilinibidi kutoka kwa mkia, mbele ya watu wote. Na gurudumu la nyuma tulikuwa tumelizuia kwa kabari, kipande cha mti mgumu, gari lisiteleze.

Nilipanda, nikawasha. 

"Mama Katana! Toa kabari!"

Sikushuka. Katika lori dereva hashuki, taniboi ndiye anayeshuka. Nilimfanya mke wangu taniboi, na hata siku moja sikupata kumfundisha lugha ya taniboi.

Alikwenda nyuma, upande wangu, kwenye gurudumu. Nilimtafuta katika kioo kikubwa, sikumwona. Kioo kidogo kilikuwa kinatazama juu. Na kabari ilikuwa imekaza, kwa sababu gari zima lilikuwa limeilalia. Yeyote aliyewahi kuendesha gari kubwa analijua hili: dereva husogea mbele kidogo kwanza, ndipo kabari itolewe. Nilijua!

Lakini kijana mmoja aliyekuwa na simu akasema kwa sauti, "Mzee limemshinda hilo." Wenziwe wakacheka.

Nikaingiza gia ya kurudi nyuma, mguu wangu ukiwa juu ya breki.

Mama Katana akaita, "Bado!"

Nikaachia breki.

Sauti iliyofuata sitamwambia Kadzo aiandike.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikurudi. Viwili vilivyosalia havikunjiki.

Katana alitukuta hospitalini, bado amevaa vazi lake la jikoni. "Baba, imekuwaje?"

Mwenzangu, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na mtu aliyeniuliza alikuwa mwanangu! Nikasema, "Mama yako aliita bado. Taniboi akiita bado, dereva anarudi. Dereva yeyote angerudi. Tena alisimama vibaya."

Wanaume waliokuja kutupa pole walitikisa vichwa. "Maskini, mwanamke ataijuaje lugha ya magari?" Nilinyamaza kama mtu mwenye hekima. Jambo likafungwa hivyo, kwamba ni ajali ya neno moja lenye maana mbili, na aliyelitumia vibaya ni yeye.

Neno lilitoka nje ya boma likaanza kutembea. Vijana wa pikipiki walilifanya mzaha. Mmoja akirudi nyuma, wenziwe wanaita, "Bado! Bado!" na kuangua kicheko. Mama Katana akipita njiani, mtoto asiye na adabu anamwuliza, "Nyanya, bado?" Naye hakuwahi kunikanusha. Si mbele ya watu, si tukiwa wawili.

Na ule mkono! Kwetu hapa hutoi mkono wa kushoto kwa mtu unayemheshimu. Yeye sasa alikuwa na huo tu. Mahali penye matanga nilimwona mama mmoja mtu mzima akiutazama mkono wa kushoto uliokunjuliwa mbele yake, akasita, kisha akaugusa kwa ncha za vidole. Mama Katana aliurudisha ndani ya leso. Toka hapo aliacha kwenda kwenye matanga, akaacha kanisa, akaacha kikundi. Majani ya mnazi aliyokuwa ameyaloweka kwa kushona yalikauka palepale. Paa la jiko lilianza kuvuja, nami nikaambiwa ninunue mabati. Nilikataa. Nilijua ni paa la nani.

Alijifunza kula kwa kushoto akiwa amegeukia ukuta. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wote wa boma hili kwamba mkono huo ni wa aibu.

Sasa nakuambia lile ambalo neno "bado" limelificha muda wote huu. Kadzo, andika polepole.

Sauti ya taniboi hutoka juu, kwa mtu aliyesimama. Ile "bado" ilitoka chini, kando ya tairi. Masikio yangu, haya niliyojivunia, yaliniambia waziwazi mahali alipo. Nilijua kwamba amechutama. Nilijua kwamba simwoni. Nilijua kwamba mtu aliyechutama kwenye gurudumu hawezi kuwa anamwita dereva aje. Nililisikia neno, nikalielewa, na nilikuwa na nafasi ya kubaki nimesimama. Sikuitumia, kwa kuwa kijana alikuwa amecheka.

Na pale juu niliposema kwamba mguu wangu huachia breki wenyewe, nilikuwa ningali najitetea. Mguu haukuachia wenyewe. Niliuachia mimi. Kadzo, usiifute sentensi ile. Waione, wajue kwamba mtu anaweza kudanganya hata akiwa katikati ya kuungama.

Kadzo ameacha kuandika. Anatazama chini.

"Babu, mimi pia niliwaambia wenzangu shuleni kwamba bibi alikosea."

"Najua."

"Na niliwahi kumtania. Nilimwambia, bibi, ungesema 'hapo'."

"Akakujibu nini?"

"Alinicheka tu. Akaniambia niende nikachote maji."

"Liandike hilo pia. Liko katika mzigo wangu, si wako."

Si mimi niliyemrudisha Bi Rehema. Mama Katana alimpigia Katana simu, akamwambia amlete mwalimu. Nilishtuka kumwona akishuka getini na madumu yake.

"Mfundishe tena," Mama Katana alimwambia. "Na mimi nifundishe kuongoza kwa mkono nilio nao."

"Mama, una hakika?"

"Mwanangu, gari limesimama mbele ya nyumba yangu kama kaburi. Ama liondoke ama liniondoe."

Tulirudi uwanjani. Nilikirekebisha kile kioo kidogo kwa mkono wangu, nikaona gurudumu la nyuma na mchanga ulio kando yake. Ni kitu chepesi kiasi hicho! Kukizungusha kwa kidole gumba tu! Kisha Mama Katana akaingia ndani ya kioo, mdogo, na leso yake, akainua mkono wa kushoto. Nilisimama. Akaushusha, nikasogea. Akauinua, nikasimama. Nilirudi kati ya madumu yote bila kugusa hata moja, na sikuona raha yoyote, kwa kuwa kila alipouinua mkono ule niliona ule mwingine ukining'inia.

Bi Rehema alipokuwa akikusanya madumu, tuliketi ndani kwenye ile meza ndogo ya kukunja. Nikasema.

"Mama Katana. Siku ile sikuwa nakuona."

"Najua."

"Nilijua kwamba uko chini."

"Najua, Baba Katana."

"Umejuaje?"

"Nilipochutama nilitazama kile kioo kidogo, kama tulivyofunzwa, nitafute uso wako." Alisema taratibu, kana kwamba anamsimulia mtu safari. "Niliona mawingu. Pale palipotakiwa uso wako niliona mawingu. Ndipo nikaita bado."

Mwenzangu! Alilijua somo kuliko mimi, akalifuata, na sauti ndiyo silaha pekee iliyombakia, nami nikarudisha gari juu ya mkono wake.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nililia. Nasema wazi, mimi ambaye sikulia hata mama yangu alipozikwa. Nikamwomba radhi. Nikadhani yamekwisha, nikamwuliza kama sasa tutakwenda Ngomeni.

Akaukunja mkono wake mzima juu ya ule mbovu. "Uliponisingizia, uliniambia mimi peke yangu?"

"La."

"Ulisema hospitalini. Ukasema kwa majirani. Neno limefika hata kwa watoto nisiowajua wazazi wao. Basi na kosa lako lifike huko huko. Siku nitakayolisikia limesomwa mbele za watu, nitapanda. La sivyo, safiri na chumvi yako."

Ndiyo sababu nimekuja kwako, wewe nisiyekujua. Sina njia nyingine ya kumpata mke wangu akae kando yangu.

Wewe unayejifunza gari kubwa, usione aibu kuliogopa. Hofu ingenishusha kitini nikalizunguka gari, nikamkuta mke wangu amechutama, nikamwambia, inuka kwanza, nisogee mbele. Nilichokiita kujiamini kiliniketisha. Na wewe unayeongozwa na mke, au mwana, au mfanyakazi, patana naye ishara kabla hujawasha, tena iwe ile anayoijua yeye, si ile unayoijua wewe. Usipomwona, simama. Wakikucheka, waache wacheke mpaka wachoke. Na ukisha kukosa, mara ya kwanza utakapoulizwa, sema! Uongo wangu ulikuwa maneno machache mlangoni pa hospitali, na sasa siujui hata mwisho wake uko kijiji gani.

Mama Katana ametokeza mlangoni pa jiko. Anamwita Kadzo kwa utani wa mabibi na wajukuu wao.

"Mke mwenzangu! Huyo bwana wetu amefika wapi?"

"Anamalizia, bibi."

"Anamalizia au anajisifu?"

Kadzo amemsomea yote, tangu jina la baba yangu. Mama Katana amesikiliza amesimama, bega kwenye mwimo wa mlango. Paliposomwa pa mihogo alicheka. Paliposomwa pa mawingu alitazama nje.

Sasa, Kadzo, sikiliza mambo ya kutunza. Ile kabari iko nyuma ya pipa la maji, ina alama ya tairi. Usiitupe wala usiipikie, hata kuni zikiisha. Kioo kidogo cha gari, yeyote atakayeliendesha baada yangu akikute kinatazama chini. Mkono wako wa kushoto utunze. Niliupiga bila haki, na leo naomba radhi kwake na kwako. Salimia watu nao ukiwa kando ya bibi yako, ili asiwe peke yake. Na mtu akilicheka lile neno mbele yako, msomee karatasi hii.

Nimemwuliza, "Mama Katana, inatosha? Tuwashe?"

Ametazama gari, akatazama karatasi iliyo mkononi mwa mtoto, haijafika kwa watu.

"Bado," amesema.

Nami nimekaa. Kadzo, liandike hilo neno kama alivyolitamka, usiliongeze wala usimfasirie mtu. Litunze hivyo hivyo.